Kitovu cha Baba na Rashi ya Zizini

Katika ukoo wetu mtu akiugua, wote waliobaki huhitimu udaktari siku hiyohiyo. Asubuhi Baba alipoanza kushika kifua pale Kagongwa, akiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga akisubiri zamu ya magunia yake, mabingwa watatu walishamzunguka. Wa kwanza alisema ni gesi. Wa pili alisema ni chango, akaongeza kwamba chango la kiume huwa linachelewa kujitokeza lakini likija linakuja na ghadhabu. Wa tatu, baba yangu mdogo, aliagiza soda baridi ili mgonjwa acheue. Baba alikunywa, akacheua, wakampongeza, na jasho likaendelea kumchuruzika. Mimi nilipofika kutoka shuleni, chaki bado vidoleni, nilimkuta ameegemea gunia, uso umekuwa wa rangi ya pumba. Wataalamu walikuwa wanajadili soda ya pili.

Hospitali tulifika jua likielekea kuzama. Kesho yake daktari, kijana mpole ambaye alionekana hajalala tangu ahitimu, aliniita pembeni. Akageuza boksi tupu la dawa, akachora moyo uliofanana na embe, kisha akapaka wino sehemu ya chini upande mmoja. Akanieleza kinagaubaga kwamba mshipa uliziba, damu haikufika hapo kwa saa nyingi, na misuli ya hapo imekufa. Patabaki kovu, na kovu halipigi. Misuli ya moyo si kama ngozi ya goti, hairudi. Dawa atameza maisha yake yote: moja ya kuzuia damu isigande, nyingine ya kuupunguzia moyo kazi, nyingine ya kutoa maji mwilini. Asibebe mzigo, asichimbe, asisukume.

Halafu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Uso wake ukachangamka kama mtu aliyepata wa kumwachia lindo.

"Basi wewe utamweleza mzee vizuri kuliko mimi," akasema.

Pale pale ningemwambia ukweli: kwamba nafundisha kidato cha pili, kwamba moyo wa kwenye kitabu chetu una rangi mbili, nyekundu na bluu, na hakuna sehemu yake inayokufa. Sikumwambia. Nikakunja lile boksi nikalitia mkobani, nikarudi wodini kwa mwendo wa mtaalamu.

Baba aliniuliza siku tuliyoruhusiwa kutoka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anafunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Aliuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kumuuliza mtu wa mifugo habari za ng'ombe: huyu atapona, au tumchinje. Nilishindwa. Mama alikwishatangulia, na mimi, bintiye, sina kaka wala dada. Nilimwangalia yule mzee na vifungo vyake nikaogopa, ndiyo habari yenyewe. Na mwalimu akiogopa hana pa kujificha ila kwenye somo.

Basi nikafundisha. Nilimwambia moyo wake umechoka kidogo, lakini siku hizi dunia imeendelea. Wapo wataalamu huko mbali wanaotumia seli shina, yaani zile chembe changa za mwili ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Wanazilea maabara mpaka zinakuwa chembe za misuli ya moyo, na ukizitazama kwenye kisahani chao unaziona zinadunda zenyewe. Wengine wanazipiga sindano kwenye moyo ulioumia, wengine wanazitengeneza kama kiraka wanakishonea juu yake. Nilieleza kwa mbwembwe, mikono hewani, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kusikiliza. Nikapiga na chuku kidogo: nikasema chembe moja tu, ikiwa nzima, inaweza kuzaa mamilioni.

Yale niliyoyaacha yalikuwa mengi kuliko niliyoyasema. Sikusema kwamba hayo ni majaribio, na wagonjwa waliofanyiwa ni wachache. Sikusema kwamba majaribio ya mwanzo, yale ya kutumia uboho wa mifupa ya mgonjwa mwenyewe, yalitangazwa kwa shangwe kisha yakaleta matokeo ya kunong'ona. Sikusema kwamba chembe nyingi zinazopandikizwa hufa mapema, na zinazobaki zinaweza kuufanya moyo udunde ovyo ovyo kwa muda. Haya yote nilikuwa nimeyasoma kwenye simu korido ya hospitali. Niliyachuja kama chai.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. Hizo chembe wanazitoa wapi?

Nikajibu kama niko mbele ya ubao. Nyingine kwenye uboho wa mifupa, nyingine wanatengeneza kutokana na ngozi au damu, na nyingine wanazipata kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nilidhani nimemfariji, nikajipongeza mpaka Kagongwa.

Inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka, hakitupwi. Kinazikwa nyumbani, na anayekizika anajua mahali. Cha Baba kilizikwa na bibi yake Mwakitolyo, kwenye mlango wa zizi la ng'ombe, hatua saba kutoka kwenye ua wa minyaa. Baba alionyeshwa akiwa mdogo, na yeye akanionyesha mimi kabla hatujahama. Siku hizo zizi lilikuwa zizi. Kisha dhahabu ikaonekana upande wa pili wa kilima, ng'ombe wakauzwa, na Baba akawa fundi wa karasha, lile pipa la chuma lenye gololi ndani linalozunguka kutwa na kusaga mawe ya wachimbaji yawe unga. Aliliendesha miaka mingi mpaka masikio yake yakagoma, ndipo tukahamia Kagongwa kwenye mpunga.

Wiki ya kwanza nyumbani aliniambia, tukiwa tunakula, kwamba wale wataalamu wana shida ya kuhangaika na vitovu vya watoto wa watu. Yeye chake kipo, na anajua kilipo. Nilicheka mpaka nikapaliwa na ugali. Nikamwambia kitovu cha miaka sabini kimeshakuwa udongo zamani. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona fundi amesahau kazi yake mwenyewe.

"Si ulisema chembe moja inatosha?" akaniuliza.

Nikajitia hamnazo, nikaomba anisogezee mlenda. Nilijiambia ni utani wa mgonjwa. Kumkatalia kabisa kungenilazimu kufungua lile boksi la dawa na kumwonyesha sehemu iliyopakwa wino, na mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kila mara nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Ijumaa moja akaniaga kwamba anakwenda msibani Mwakitolyo na baba mdogo, watarudi Jumapili. Sikuuliza nani amekufa. Kwa ukoo wetu ulivyo mpana, siku ambayo hakuna msiba ndiyo ya kuuliza.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia chumba chake. Ukutani ilining'inia kofia yake ngumu ya mgodini, aliyoitunza kuliko suti ya harusi. Nikaitungua niifute vumbi, ikalia kama kayamba. Ndani yake, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, kulikuwa na vidonge vya karibu wiki tatu, vyeupe, vya njano na vile vidogo vya kutoa maji. Kila asubuhi nilikuwa namwekea kwenye kisosi kabla sijatoka, na kila jioni nilikuwa nakikuta kisosi kitupu nikimsifia kama mtoto wa chekechea. Nilikaa chini sakafuni.

Simu ikaita. Alikuwa baba mdogo, na nyuma yake kulikuwa na kelele kama za gulio.

"Njoo umchukue baba yako," akasema. "Watu wamekuwa wengi."

Nikamuuliza watu gani, msibani? Akakohoa. Kisha, kwa lugha ya kiofisi ambayo huitumia akiwa amekosea, akanieleza kwamba hapakuwa na msiba, bali walikuja kwa kazi ya kisayansi. Kuhusu dawa alikuwa na maelezo pia. Baba alimwambia kwamba karasha jipya likiwa njiani, hakuna fundi anayepoteza grisi kwenye lile bovu. Kwa hiyo vidonge vilisubirishwa, seli zije ziukute moyo haujazoea dawa. Baba mdogo aliiona hoja hiyo kuwa na mashiko. Ndiye huyuhuyu wa soda.

Nilifunga vidonge vya siku ile kwenye leso, nikapanda magari mawili na bodaboda, na njia nzima sikumbuki nilimsemesha mtu. Nilikuwa nahesabu siku ambazo moyo wake umefanya kazi bila msaada, na kila nikihesabu nilikuwa nawajua wanaohusika: yeye, baba mdogo, na mwalimu wa baiolojia.

Zizi letu la zamani lilikuwa limepata maendeleo. Watu hawakupungua sitini. Kulikuwa na sululu, kamba, ndoo, mama lishe wawili walioshabandika maharage, na mtu wa vocha chini ya mwavuli. Mashimo yalikuwa yameanzishwa kila upande, mengine ya kufika kiunoni, mengine tayari yamemmeza mtu mzima. Kwenye meza ya kukodi alikaa bwana mmoja mwenye daftari, ambaye saa nne zilizopita alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa rashi. Kwetu rashi ni ule mfumuko wa watu pale inaposemekana dhahabu imeonekana mahali. Haihitaji dhahabu. Kinachohitajika ni kusemekana.

Na kilichosemekana kilikuwa hiki. Siku iliyopita mzee mmoja, fundi wa karasha wa zamani, alikuja na mdogo wake. Akahesabu hatua saba kutoka kwenye minyaa, akapiga magoti, akachota udongo kwa vidole. Akauchambua juani, akautia kwenye kitambaa, akafunga fundo. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anapita akamwamkia na kumuuliza anatafuta nini. Mzee akamjibu, "Natafuta changu." Halafu akanyamaza. Mahali pengine hayo yangekuwa mambo ya mzee na uchovu wake. Mwakitolyo hayo ni ripoti kamili ya mtaalamu wa miamba. Kufika asubuhi kila mtu alikuwa anajua kwamba mzee aliuficha mwamba chini ya zizi lake tangu enzi za karasha, na kwamba sasa, akiwa karibu kufa, amekuja kuuchukua.

Baba walikuwa wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki mahali pa heshima, na soda mkononi. Walimwita mwenye shamba. Walikuwa wamemtengea duara lake, yaani shimo lake binafsi, lenye vigingi vinne na utepe, kwa kuwa mwenye eneo hasahauliwi hata siku ya wazimu. Mimi sikuangalia duara. Niliangalia miguu yake. Ilikuwa imevimba mpaka mikanda ya makubazi imezama nyamani, na alipovuta pumzi mabega yalipanda, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amekaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, ng'wanawane," akanijibu, ndivyo anavyoniita nikiwa mwanawe na si mwalimu. Akaonyesha kwa kidevu. "Waambie pale kwenye minyaa wasipaguse."

Pale kwenye minyaa kulikuwa na shimo kubwa kuliko yote. Minyaa yenyewe ilikuwa imelazwa pembeni, inatoa utomvu.

Mwenyekiti alituona tunaongea, akaja na wenzake, akaamkia kwa adabu zote. Akaomba kwa niaba ya kamati kwamba kwa kuwa binti wa mzee amefika, na anaonekana amesoma, basi mzee awatajie sasa mwamba unaelekea upande gani, maana vijana wanajichosha. Baba akaweka soda chini. Watu wa mashimo ya karibu wakaacha kupiga sululu. Kwa sauti ya kukatika katika akawaambia ukweli wote: kwamba hakuna mwamba anaoujua, kwamba alikuja kutafuta kitovu chake kilichozikwa hapo na bibi yake, ili kimtengeneze moyo.

Kisha mwenyekiti akatabasamu, akamgeukia mwenzake, akasema mzee huyu amekula chumvi nyingi, hasemi kitu mbele za watu. Wakaitikia kwa kichwa wote, na sululu zikaanza tena kwa kasi kubwa kuliko mwanzo. Katika siku mbili zile, hilo ndilo lilikuwa neno pekee la kweli lililosemwa pale zizini, na ndilo pekee lililokosa wa kuliamini.

Hapo ndipo nilipojiona. Kile kikundi kilikuwa kimechimba ekari nzima kwa sababu mtu mmoja alinyamaza walipomuuliza, na wao wakajaza wenyewe. Baba naye alikuwa ameacha dawa kwa sababu hiyohiyo. Aliniuliza swali la wazi akiwa anafunga vifungo, mimi nikalizunguka, na yeye akaanza kuchimba. Nilichuchumaa mbele ya kile kiti. Baba mdogo alipotaka kukaribia nilimtazama, akakumbuka ana jambo na mama lishe.

"Baba, sikukuambia alichosema daktari."

"Sema sasa."

Nilitoa lile boksi kutoka mkobani. Lilikuwa limekaa humo tangu hospitali, limesagika pembe. Nikamwonyesha embe na wino wake.

"Hapa pamekufa siku ile ile ya mashine. Hapatarudi. Hizo seli zipo, lakini bado wanazijaribu, na hakuna aliye na uhakika nazo. Kwenye kitovu chako hakuna kitu tena. Niliogopa, nikakudanganya."

Alilichukua boksi, akaliweka mbali na macho, akalisogeza karibu. Kidole chake chenye ukucha uliokufa zamani kikapita juu ya wino, halafu kikapita juu ya sehemu nyeupe. Alikiacha muda mrefu hapo penye weupe.

"Hii iliyobaki inapiga?"

"Inapiga."

"Inatosha?"

"Inatosha, ukimeza dawa na ukiacha mizigo."

Upande wa pili wa barabara karasha la mtu lilikuwa linanguruma. Baba ana masikio mabovu, lakini karasha hulisikia kwa miguu. Alisikiliza kidogo, akageuza kichwa upande ule.

"Lile pale lina gololi pungufu," akasema. "La kwangu lilikuwa hivyo miaka na miaka. Gololi zikipungua hulilishi mawe yaleyale. Unapunguza mawe, unalipatia muda, unatia grisi kila siku bila kuruka. Linasaga tu." Akanirudishia boksi. "Hilo ndilo lilikuwa gumu kuniambia?"

Nililia mbele ya kamati nzima ya rashi. Mwenyekiti, alivyo mwerevu, aliandika kitu kwenye daftari. Bila shaka alihesabu kwamba binti ameonyeshwa mwamba na umemzidi. Baba aliningoja nimalize kama anavyongoja mashine ipoe, kisha akanyoosha kiganja.

"Lete hiyo grisi."

Nikafungua leso nikampa vidonge vyake, akavimeza na ile soda ya mwenye shamba, kimoja kimoja. Akauliza kama ameze na vile vya wiki tatu ili kufidia. Nikamwambia hapana, ni vya leo tu, na leo tunapita hospitali wakaione hiyo miguu. Hakubisha. Alisimama, akachomoa mfukoni kile kitambaa chenye fundo la udongo, akakitazama. Nilidhani atanipa nikihifadhi. Alifungua fundo akaurudisha udongo kwenye shimo la pale minyaa, aliyekuwa ndani akapiga kelele kwamba anamwagiwa uchafu, na Baba akamwomba radhi.

Mpaka barabarani hapakuwa mbali, lakini tulitumia muda mrefu. Alisimama mara tatu kuvuta pumzi, mkono wake begani kwangu, na kila aliposimama alinitazama kabla sijauliza.

"Napunguza mawe," akasema, tukaendelea.